Mboga za Kiangazi: Pima Maji Kabla ya Kupima Shamba

Mkulima akisimama penye daraja la Lwakhakha mwezi wa Mei, huona maji mengi mekundu yakishuka kwa nguvu kutoka Mlima Elgon. Mtu huyo huyo akirudi mahali pale mwezi wa Februari, huona mawe na vijito vyembamba vikipita kati yake, na akina mama wamepanga foleni ya mitungi. Mto ni ule ule. Ndio mpaka wa Kenya na Uganda, na unapokwenda kusini huitwa Malaba, mpaka maji yake yaishie Ziwa Kyoga.

Katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia hatuwezi kusema kwamba tumenyimwa mvua. Sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu na mlima hupata zaidi. Shida yetu ni kwamba mvua hiyo huja kwa miezi yake, ikatiririka mtoni, ikaenda zake. Tangu Desemba hadi katikati ya Machi mkulima wa mboga hubaki na kile alichoweka akiba.

Na miezi hiyo ndiyo miezi ya fedha. Mwezi wa Juni kila boma lina sukuma wiki, na mwenye kuipeleka sokoni hurudi nayo nusu, akawapa ng'ombe. Mwezi wa Januari fungu lile lile huuzwa kwa bei nzuri, na wanunuzi hulitafuta pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo wengi hujaribu kulima mboga za kiangazi, na wengi huvunjika moyo. Kosa lao mara nyingi ni moja: walipima shamba kwa hatua, wakanunua miche ya kulijaza, ndipo wakaanza kutafuta maji. Somo la mwezi huu lataka tufanye kinyume cha hayo.

HESABU YA MITUNGI

Chukua kalamu, ndugu mkulima, kwani hesabu hii si ngumu.

Wakati wa jua kali, mboga zilizokwisha shika na kutanda majani huhitaji lita 4 hadi 5 za maji kila siku kwa kila mita moja ya mraba. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 ni mita 10 za mraba. Basi tuta hilo linataka lita 40 hadi 50, yaani mitungi miwili au miwili na nusu ya lita 20, kila siku ya Mungu.

Sasa tuangalie robo ekari, ambayo watu wengi huiona kuwa shamba dogo sana. Robo ekari ni kama mita 1,000 za mraba. Zidisha kwa 4: ni lita 4,000 kwa siku. Hiyo ni mitungi 200. Mtungi mmoja uliojaa una uzito wa kilo 20, kwa hiyo jamaa wa nyumba hiyo watapaswa kubeba tani nne za maji kila siku kutoka mtoni. Nani atafanya kazi hiyo? Twajua jibu. Mama ataanza, watoto watasaidia kabla ya kwenda shule, na baada ya juma mbili hapana atakayeweza. Kisha kila mche utapewa kikombe kidogo, na wote watadumaa pamoja. Mkulima atasema mbegu zilikuwa mbaya.

Tuchukue mfano wa pili. Tuseme jamaa wanaweza kuchota mitungi 15 kwa bustani kila siku bila kuumia, mbali na maji ya kupikia, kunywa na kuoga. Hiyo ni lita 300, na lita 300 zatosha matuta sita. Kila tuta la sukuma wiki, ukipanda safu mbili na kuacha sentimita 45 kati ya mche na mche, litachukua miche 40 na zaidi kidogo. Kwa hiyo jamaa hao wana zaidi ya miche 240 iliyoshiba maji, nayo itachumwa tena na tena mpaka mvua za Machi. Aliyelima robo ekari huenda asichume kitu.

Kabla ya kupanda chochote mwezi wa Novemba, hesabu mitungi yako kwa juma zima. Usihesabu ile ya siku ya kwanza, kwani siku ya kwanza kila mtu ana nguvu.

TANGI NA SHIMO LA MAJI

Wako wanaosema, "Mimi nina tangi, hesabu hiyo hainihusu." Na waitazame vile vile.

Nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ina paa la mita 48 za mraba. Kila milimita moja ya mvua inayoanguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi mvua nzuri ya alasiri ya milimita 20 huleta karibu lita 960, na hata ukitoa yanayomwagika bado utapata kama lita 800. Mvua sita au saba za namna hiyo zitajaza tangi la lita 5,000. Ni neno la kusikitisha kuona nyumba nzuri ya mabati isiyo na gata hata upande mmoja.

Lakini tangi likijaa mwezi wa Novemba, je, litalisha matuta mangapi? Kiangazi chetu ni kama siku 100. Lita 5,000 kwa siku 100 ni lita 50 kwa siku. Tuta moja! Hii ndiyo sababu tunawashauri wenye matangi wayaweke maji hayo kwa nyumba, kwa kitalu cha miche, na kwa bustani ndogo ya jikoni, wala wasiyategemee kwa shamba la kuuza.

Kwa shamba la kuuza, shimo la maji hufaa zaidi. Watu huchimba mahali panapopita maji ya mvua kutoka barabarani au uani, wakatandika karatasi nene ya plastiki ili maji yasinywewe na ardhi. Shimo la lita 50,000 laonekana kuwa utajiri, na kwa kweli lingetosha matuta kumi kwa siku 100 kama maji yasingepotea. Lakini jua nalo hunywa. Katika siku za kiangazi jua na upepo vyaweza kuondoa milimita 5 za maji kila siku. Shimo pana lenye kina cha mita 1 na uso wa mita 50 za mraba hupoteza lita 250 kwa siku, na katika siku 100 nusu ya maji imekwenda mawinguni. Mtu mwingine akichimba shimo la maji kiasi kile kile, lakini lenye kina cha mita 2 na uso wa mita 25 za mraba, hasara yake ni nusu ya hiyo. Akijenga chanja juu yake na kupandisha maua ya pasheni au maboga, hupunguza hasara tena, na chanja yenyewe humletea matunda. Hapana budi shimo lizungushiwe ua imara, maana mtoto akiteleza juu ya plastiki ile hawezi kupanda. Jambo hili lisiahirishwe hata siku moja.

KUYAFANYA MAJI YAKAE UDONGONI

Baada ya kujua una maji kiasi gani, kazi ya pili ni kuyafanya yakawie. Tuta la juu ni zuri wakati wa masika kwa sababu hutoa maji yanayozidi. Wakati wa kiangazi ni hasara, kwa kuwa hukauka pande zote kama mkate ulioachwa nje. Badala yake fanya tuta la kuzama: chimba kitanda kishuke kiasi cha kiganja chini ya usawa wa ardhi, na udongo ule uweke kandokando kama kingo ndogo. Maji utakayomwaga hayatakimbilia njiani.

Wakulima walio karibu na Kitale huenda wameona kazi ya Manor House, chuo cha kilimo kilichoanza mwaka 1984, ambako watu hufundishwa kulima tuta kwa kina mara mbili. Huchimbwa mtaro wa kina cha futi moja, udongo wa chini hulegezwa futi nyingine kwa uma wa bustani, ndipo mboji hutiwa na udongo wa juu kurudishwa. Hatutaficha kwamba ni kazi ngumu. Tuta moja laweza kumaliza siku nzima ya mtu mwenye nguvu. Lakini hufanywa mara moja, na baadaye tuta lisipokanyagwa hubaki laini kwa misimu mingi. Mizizi hushuka, na mmea wenye mizizi mirefu huvumilia siku mbili za jua ambazo mmea wa mizizi mifupi hauzivumilii.

Mahali pengine duniani wamefanya makubwa kwa jembe tu. Huko Burkina Faso wakulima huchimba vishimo vidogo viitwavyo zai, hutia samadi ndani kabla ya mvua, na kupanda humo humo. Mzee Yacouba Sawadogo alisifiwa ulimwenguni kwa kuirudisha ardhi iliyokufa kwa njia hiyo, na mwaka 2018 alipewa tuzo huko Sweden. Na sisi wenyewe tunayo ya kuonyesha. Makinga-maji ya "fanya juu" ya Ukambani yamejulikana sana hata vitabu vya Kiingereza huyaita kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Kadhalika ile njia ya tumbukiza ya majani ya napia, ambayo wafugaji wengi wa magharibi ya Kenya wanaijua, ni akili moja na zai: shimo, samadi, na maji kukusanyika penye mzizi. Wengi wameitumia kwa ng'ombe bila kufikiri kwamba boga au mgomba nao waweza kupandwa hivyo.

Tandaza nyasi. Twajua kwamba neno hili mmelisikia mara nyingi, na bado ukipita mashambani mwezi wa Januari waona udongo uchi, umepasuka. Mabua ya mahindi yaliyokatwa vipande, maganda ya maharagwe, majani makavu ya migomba, yote yafaa. Unene uwe kama vidole vinne, na nafasi ndogo iachwe kuzunguka shina lisioze. Wakulima wana malalamiko mawili juu ya jambo hili, na yote mawili ni ya haki. La kwanza ni kwamba mabua ni chakula cha ng'ombe na kuni za jikoni. Basi usitandaze shamba zima; tandaza yale matuta sita tu, ambayo hayatakula zaidi ya mizigo michache. La pili ni mchwa. Mchwa hupenda mabua makavu kuliko mche mbichi, na mara nyingi wakiwa na mabua huacha mche. Lakini penye kichuguu karibu, tumia majani mabichi au samadi iliyooza vizuri badala ya mabua.

NAMNA YA KUMWAGILIA

Mwagilia asubuhi mapema au jioni. Mwaga penye shina, si juu ya majani. Mtu anayenyunyiza juu juu kila siku huwafundisha mizizi kukaa juu, mahali penye joto. Kwa mboga zilizokwisha kukua ni afadhali kulipa tuta sehemu yake ya siku mbili kwa mara moja, maji yashuke. Ukitaka kujua kama yameshuka, usitazame rangi ya juu. Chimba kidogo kwa panga mpaka kina cha kidole kirefu, finyanga udongo mkononi. Ukishikamana, acha mpaka kesho.

Njia ya ndoo na mipira ya matone yafaa kwa yeyote mwenye fedha kidogo. Katika miaka ya 1990 watafiti wetu wa kilimo walianza kuwaonyesha wakulima wa Kenya ndoo ya lita 20 iliyoinuliwa mita moja juu ya nguzo, na mipira miwili yenye matundu ikipita kando ya miche. Hapana mtambo wala mafuta. Ugonjwa wake ni mmoja, nao ni matundu kuziba. Chuja maji kwa kitambaa safi, na kila juma fungua ncha za mipira uchafu utoke.

Tena mimea haina kiu sawa siku zote. Miche iliyohamishwa yataka maji kila siku kwa juma mbili za kwanza, na ihamishwe jioni. Kabichi hutaka maji zaidi inapofunga kichwa. Vitunguu vina mizizi mifupi na haviwezi kungoja, lakini shingo zikianza kulala acha kabisa kumwagilia, ama vitaoza ghalani. Nyanya ndizo zenye hasira. Zikikosa maji siku nne kisha zikapewa mengi kwa pamoja, matunda hupasuka, au huoza kitako na kuwa meusi chini. Wengi hununua dawa ya kunyunyiza wakidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, kumbe mara nyingi ni kwa sababu tunda halikupata chokaa ya udongoni, ambayo husafiri na maji. Maji kidogo yasiyokatika ndiyo dawa yake.

Asiye na maji ya kutosha kwa nyanya asione haya kulima mboga za kienyeji. Kunde, saga, managu na mitoo ni mboga za kwetu, na sokoni siku hizi hazidharauliwi kama zamani. Saga ikiona jua kali hukimbilia kutoa maua. Yakate maua mapema, nayo itaendelea kutoa majani. Huko Ndalu, Tongaren na Kiminini, ambako mashamba yaliyogawanywa baada ya Uhuru sasa yamegawanywa tena kwa wana na wajukuu, vipande vidogo hivyo ndivyo vinavyofaa mboga hizi.

Huenda mtu akauliza: "Bwana Shamba, nikilima matuta sita tu, shamba langu lililobaki likae bure miezi mitatu?" Halitakaa bure. Panda kunde katikati ya mvua za mwisho, mwezi wa Septemba, ili ikomae kwa unyevu uliomo. Penye mteremko chimba mitaro ya kukinga maji wakati jembe lina nafasi. Na mwaka ujao, ukiwa na shimo la maji, ongeza matuta manne.

MTO NI WA WENGI

Tumebakiza jambo zito. Pampu zimekuwa nyingi kandokando ya mito yetu, na twafurahi, kwa kuwa zimewapunguzia akina mama mzigo. Ile pampu ya kukanyaga kwa miguu iliyoanza kuuzwa Kenya katika miaka ya 1990 kwa jina la MoneyMaker imewasaidia wengi. Mnunuzi akumbuke tu kwamba pampu ya kuvuta, iwe ya miguu au ya petroli, haivuti maji vizuri kutoka kina kinachozidi kama mita 7. Pampu iwekwe karibu na maji, kisha isukume kupanda juu.

Lakini mto wa Februari ni mdogo. Pampu tatu za petroli zikinguruma pamoja asubuhi, mtu aliye chini aweza kukuta matope. Kwa sheria ya maji ya mwaka 2016, mwenye kuchota kwa mtungi kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Mwenye kuweka pampu au kuchimba mfereji wa kumwagilia aende kwanza kwenye ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji akaulize kibali chake. Vile vile viko vyama vya watumiaji wa maji, na huko ndiko zamu hupangwa: wa juu wavute siku fulani, wa chini siku nyingine. Ng'ambo ya Lwakhakha wana serikali yao na sheria yao, lakini wanachota mto huo huo, na Wabukusu na Wamasaba husikilizana bila mkalimani. Serikali zenyewe zimekwisha kukaa pamoja chini ya Mpango wa Bonde la Nile kwa ajili ya mito ya Sio, Malaba na Malakisi. Wazee wa pande mbili wakikaa chini ya mti mwezi wa Novemba, kabla maji hayajapungua, watapatana kwa urahisi kuliko wakingoja Februari watu wakiwa wamekwisha kushika mapanga.

Usilime mpaka ukingoni. Acha angalau mita 6 za nyasi na miti ya kienyeji, na mto ukiwa mpana acha zaidi, hata mita 30. Mikaratusi, yaani bulugamu, isipandwe karibu na mto wala chemchemi, kwa kuwa hunywa sana. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru ikatwe mahali penye maji, na watu wengi walinung'unika kwa sababu ya mbao. Aliyepanda migomba au mianzi mahali pake hakupata hasara.

Mwisho wa Februari panda juu ya paa ukasafishe gata, na uangalie kama mpira wa tangi haujapasuka. Mvua ya kwanza ya Machi iache ipite chini, kwa maana hubeba vumbi na mavi ya ndege ya miezi mitatu. Ya pili ifungulie tangi.